Ukuta Uliohama Bila Kuhama

Huko California, sheria inawaruhusu majirani wenye viwanja visivyozidi vinne vinavyopakana kusogeza mipaka kwa makubaliano, bila mlolongo mzima wa ugawaji ardhi, mradi kisizaliwe kiwanja kipya. Basi mpaka ukisogezwa futi moja kuelekea nyumba, ukuta uliosimama kihalali siku zote unaamka mkosaji: umeukaribia mpaka kupita kiasi, ingawa haujajongea hata inchi. Mwenye nyumba sasa ajaze fomu, alipe ada, auombee ukuta msamaha wa sharti la umbali kutoka mpakani.

Watasema nafasi hiyo kati ya ukuta na mpaka iliwekwa kwa ajili ya mwanga, hewa, na moto usirukie kwa jirani. Kweli kabisa. Watasema pia mwombaji amejitakia. Hilo ndilo zito, kwani sharti hulegezwa kwa sababu ya ukubwa, umbo au mteremko wa ardhi, si kwa mapatano ya majirani. Lakini ikiwa kiwanja kilipinda tangu mwanzo, na jirani anayekaribiwa ndiye aliyetia saini, afisa wa mipango miji anamlinda nani? Amwekee jirani huyo sharti la kutojenga karibu na mpaka mpya, yaishe. Afisa akikataa, tutajua kinacholindwa ni faili.