Hongera kwa Wajumbe wa Kasarani

Wenye husuda bado huwacheka wajumbe wa KANU waliokutana Kasarani Desemba 1991. Mimi nawavulia kofia. Walisimama mmoja baada ya mwingine kueleza jinsi vyama vingi vitakavyoiangamiza Kenya. Kisha Rais Moi akatangaza kwamba kifungu cha 2A cha katiba, kilichoifanya KANU chama pekee halali, kitafutwa, na wajumbe walewale wakapiga makofi. Wafaransa walihitaji gilotini, Waingereza walimkata mfalme kichwa. Sisi, viganja tu! (Maandamano ya Saba Saba ya 1990 tusiyataje, zile zilikuwa kelele za watu wasiopenda utulivu.)

Upinzani nao ulionyesha ukomavu. Kwa kuwa chama kimoja ni udikteta, hata chama chao cha FORD kubaki kimoja kungekuwa na harufu mbaya, basi kikapasuliwa, FORD-Asili huku, FORD-Kenya kule, na kila mzee akapata tiketi yake ya urais. Desemba 1992 takriban asilimia 64 ya wapiga kura wakamkataa Moi, kwa hiyo akaapishwa. Mnalalamika nini? Kwenye kura ya mlolongo ya 1988, ya kupanga foleni nyuma ya mgombea, mstari mfupi uliweza kuushinda mrefu mchana kweupe; safari hii angalau mlipewa karatasi.

Ilipokaribia kura ya 2002, baadhi ya vigogo wa KANU wakahamia upinzani, wakaanza kutufundisha mageuzi. Mlitaka tufundishwe na nani? Na waliokuwa vizuizini? Wale hawana uzoefu wa serikali.