Mita Mia Zinaishia Kwenye Chungu cha Maua

Bwawa la hoteli tunalofanyia mazoezi Bukoba lina urefu wa mita 15, na hapo uanze kupima kwenye ngazi na kuishia chini kabisa ya lile bango linalokataza watoto kukojoa majini. Mpwa wangu alikuwa amealikwa Nairobi kwenye mashindano ya vijana: mita 100, mtindo huru, bwawa la mita 50. Mimi ndiye mjomba, na ndiye mwenye simu yenye saa ya kuhesabu sekunde. Basi nikawa kocha.

Sasa piga hesabu. Nenda, rudi, nenda, rudi, mpaka safari ya sita, umefikisha mita 90. Zinabaki 10. Kwa hiyo mita 100 kwetu haziishii ukutani, zinaishia katikati ya maji, usawa wa chungu cha maua kilichowekwa ukingoni upande wa jikoni. Mimi nasimama pale chunguni. Kijana akifika usawa wangu napiga kelele, "Hapo!" na kubonyeza simu. Yeye masikio yamejaa maji, hasikii kitu, anapiga mikono hadi ukutani, anatoa kichwa na kuuliza, "Mjomba, nimemaliza saa ngapi?"

Tulikuwa tukitoka Muleba alfajiri kwa basi dogo ili tuwahi kabla bwawa halijajaa watoto na maboya yao. Ila Jumamosi huwezi kuwahi chochote. Jumamosi Bukoba ni harusi, na harusi lazima ipigwe picha penye maji. Siku moja mpiga picha alituomba kwa adabu zote kwamba kijana asigeukie upande ule, maana kila akigeuka anamwogesha bibi harusi. MC naye akatukaribisha kwa kipaza sauti kama wageni kutoka upande wa bwana harusi, tukapigiwa vigelegele, tukaletewa soda.

Siku hiyohiyo mpwa alivunja rekodi yake kwa sekunde nne nzima. Nilimpigia dada pale pale. Dada akautangazia ukoo, ukoo ukaanza kuchanga nauli ya Nairobi, na shemeji mmoja wa Kamachumu ambaye hajawahi kuchangia hata msiba akatoa elfu ishirini. Jioni, wakati wapambaji wanafungasha vitambaa vyao, nikawaona vijana wawili wamebeba chungu cha maua. Wanakirudisha mahali pake. Asubuhi walikuwa wamekisogeza ili wapate pa kuweka spika.

Sikuona sababu ya kurudisha michango ya watu.

Na hata chungu kingekaa palepale, bwawa fupi lina uongo wake mwingine. Kwenye bwawa la mita 25, mtu anayeogelea mita 100 anageuka mara tatu. Kwenye la mita 50 anageuka mara moja tu. Kila akigeuka anausukuma ukuta kwa miguu yote miwili, na mwendo anaoupata hapo hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuutoa. Ndiyo maana rekodi za dunia za mabwawa ya mita 25 zina orodha yake, na za mita 50 zina yake. Ukuta unafanya kazi, halafu sifa unapewa wewe. Isitoshe, kanuni za kimataifa zinamruhusu muogeleaji wa mtindo huru akae chini ya maji hadi mita 15 baada ya kugeuka. Kwa bwawa letu, hiyo ni ruhusa ya kutoogelea kabisa.

Nilijipa moyo kwa Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta, aliyejifunzia kwenye bwawa dogo la hoteli mjini Malabo na hakuwahi kuliona bwawa la mita 50 mpaka alipofika Olimpiki ya Sydney mwaka 2000. Wenzake wawili wa kundi lake walitolewa kwa kuanza kabla ya ishara, akabaki peke yake na maji yale yote. Alitumia dakika 1 na sekunde 52.72, akashinda kundi zima, yaani yeye. Mimi nilikuwa naomba Mungu wapatikane Wakenya wa kuanza kabla ya ishara.

Utauliza: watu wa Muleba, mna Ziwa Nyanza mlangoni, kubwa kuliko yote Afrika, bwawa la hoteli la nini? Muulize mama yangu. Tangu meli ya MV Bukoba ilipozama humo Mei 21, 1996, kwake ziwa ni la kutazamwa tu. Ukimbishia anaongeza mamba, ukizidi kubisha anaongeza kichocho, na kwa yote matatu huna jibu. "Waitu, huyo mtoto aogelee mahali ambapo akichoka anasimama."

Tukaenda Nairobi kwa kupitia Mwanza na Sirari, na mwishowe tukafika Kasarani, kwenye bwawa lililojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987. Mpwa alilitazama kimya, akaniuliza kama wanaogelea kwa marefu au kwa mapana.

Aliruka vizuri. Mikono ikaenda vizuri. Akafika pale ambapo mwili wake umezoea kukuta ukuta, akajikunja, akapinduka kichwa chini miguu juu, akasukuma kwa nguvu zake zote. Akasukuma maji. Aliibuka akitazama alikotoka. Msimamizi mmoja aliinua mkono, akaushusha, akafungua kitabu cha kanuni. Jukwaani mama mmoja aliuliza kama hiyo ni staili ya Tanzania, nikamjibu ndiyo. Kijana akajigeuza, akaendelea, akamaliza wa mwisho wakati wenzake wanajifuta kwa taulo. Aligusa ukuta, akanitafuta kwa macho ukingoni kote, kisha akaita: "Mjomba, ni hapa?"

Sasa ameapa kwamba bwawa la hoteli harudi. Mama tumemwambia tunakwenda kununua dagaa. Mwaloni wavuvi walitupimia mita 50 kwa kamba ya nyavu, kutoka ufukweni hadi kwenye mtumbwi uliotia nanga, na mmoja wao akakaa kwenye mtumbwi wa pili na boya mkononi, kwa usalama. Kijana akaingia. Mtindo mzuri, kichwa chini, hapinduki ovyo. Ila jua lilikuwa linazama, na hiyo ndiyo saa ya watu wa dagaa. Zilipobaki kama mita kumi, wenye mtumbwi wakang'oa nanga, wakawasha injini, wakaenda zao kuvua.

Nikaishika simu. Bado ilikuwa inahesabu.