Spika za Shemeji

Shemeji yangu amenunua spika. Ukimkuta usimuulize bei, maana atakutajia, halafu ataendelea mpaka bei ya waya. Huo waya peke yake umekula hela ambayo mimi ningelipia kodi ya nyumba miezi mitatu na nauli ya daladala ikabaki.

Nimeushika. Mnene, umevishwa kitambaa cha zambarau, na una mshale mdogo wa dhahabu unaoelekeza sauti ipite upande gani. Jamani! Umeme unaotikisa spika huenda na kurudi mamia na maelfu ya mara kwa sekunde. Ungekuwa unautii mshale, ungekwenda usirudi. Nilipomweleza hivyo, akanitazama kwa huruma: "Masikio yako hayajafunguka, shemeji."

Masikio! Boksi limeandikwa kwamba spika zinafika hezi 40,000. Kijana mwenye masikio salama huishia kama 20,000, na umri ukisogea zinapungua. Shemeji ana wajukuu. Hizo za juu anawapigia popo wa kwenye mwembe, na popo hawakuchangia hata shilingi.

Hela ni zake, sawa. Kinachoniudhi ni kwamba kwake muziki hausikilizwi tena. Tunakalishwa kwenye sofa, katikati kabisa, kichwa kisigeuke, tunawekewa mlio wa glasi, matone ya maji, na vyura. Vyura! Bonde la Jangwani wanaimba bure kila masika. Ukiomba Mbaraka Mwinshehe anakunja uso: eti rekodi zile chafu, zitaziaibisha spika. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, watu wakazisikiliza kwenye gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, na sijapata kusikia kwamba kuna aliyenyanyuka mkekani akidai besi haitoshi.

Sisemi kila cha bei ni utapeli. Ile sabufa ya bei chee yenye taa za disko, ukiipandisha kidogo tu inavuma mpaka maneno ya wimbo yanamezwa. Spika nzuri ni nzuri, na tofauti utaisikia hata ukiwa na mafua. Lakini ukishafika hapo, kila laki unayoongeza inakuletea kidogo kuliko iliyotangulia. Mwaka 2007 Wamarekani wawili, Meyer na Moran, walichapisha matokeo ya jaribio lao: rekodi za ubora wa juu zilishushwa hadi kiwango cha CD ya kawaida, wasikilizaji wakatakiwa wabaini ipi ni ipi. Walibahatisha tu.

Na chumba chenyewe je? Sebule ya shemeji ni vigae chini, vioo upande mzima. Sauti inagonga huku inarudi kule. Juzi mvua ilimlazimisha dada kuanika mablanketi humo ndani, na kwa mara ya kwanza nikamsikia mwimbaji anasema nini. Shemeji akachekelea: "Umeona? Waya umeanza kuzoea."

Basi msomaji, kama una hela ya ziada, nunua spika nzuri, tandika zulia, tundika mapazia mazito. Waya wa shaba wa kawaida upo Kariakoo, unapimiwa kwa mita.