Bingwa Mnyonge

Hapa Nuu tuna matatizo ya kututosha. Bei ya ndengu hupanda tukishauza gunia la mwisho, na hushuka siku tunapotandika turubai kuvuna. Barabara ya Mwingi ukiipita ndani ya Probox mkiwa tisa, unafika huna hakika kama magoti uliyoshuka nayo ni yako. Maji ni habari nyingine, siianzi leo. Lakini wanaume wa soko letu wameketi, wakatafakari, wakaamua kwamba suala linalohitaji akili zao zote ni hili: miongoni mwa makocha waliowahi kushinda ubingwa, nani alikuwa dhaifu kuliko wote?

Kama wangemtafuta aliye bora, mambo yangekwisha kabla chai haijapoa. Wao wanamtaka mnyonge. Wanamtaka mtu aliyebeba kombe, akamwagiwa maji na wachezaji, akapigwa picha akilia kwa furaha, ili wamvue ubingwa huo wakiwa wamekalia kreti za soda. Na ukiwachunguza wanaovua wenzao ubingwa, hakuna aliyewahi kushinda hata kuku kwenye mnada wa harambee ya kanisa.

Chanzo cha fujo ni kinyozi wangu. Aliishi Nairobi miaka mingi, akarudi nyumbani na vitu viwili: mashine ya kunyolea na ushabiki wa AFC Leopards. Mashine bado inafanya kazi. Ingwe ilitwaa ligi mara ya mwisho mwaka 1998, na tangu hapo shabiki wake amebaki na kibarua kimoja tu, kueleza kwa nini ubingwa wa wengine haukuwa ubingwa.

Tabu yake nyingine ni kwamba hawezi kubishana akinyoa. Lazima azime mashine asikike vizuri. Juzi aliizima wakati upande wangu wa kushoto umekwisha na wa kulia uko vilevile nilivyotoka nao nyumbani. Akakizungusha kiti nimtazame usoni, akaanza hesabu ya Gor Mahia.

"Mzee wangu, nisikilize. Mwaka 2013 Kogalo wanashinda ligi baada ya miaka 18. Sawa. Msimu aliuanza nani? Logarusic. Aliumaliza nani? Bobby Williamson. Mwaka uliofuata Williamson anaanza, katikati anaitwa Harambee Stars, Frank Nuttall anamalizia. Mwaka 2017 Ze Maria anaanza, anapata kazi Albania, anaingia Dylan Kerr, anamalizia. Sasa niambie. Hao ni makocha ama ni madereva wa skwodi?"

Kicheko kilichopasuka humo ndani kilivuta watu kutoka duka la mbolea. Nilijaribu kukumbusha kwamba Nuttall alirudi mwaka 2015 akachukua ligi nzima bila kufungwa mechi hata moja, na Kerr akaichukua tena 2018 akiwa mwenyewe tangu mwanzo. Mtu aliyenyolewa nusu kichwa hasikilizwi. Ni kanuni ya dunia.

Kinyozi alikuwa amekwisha ruka hadi kwa Hassan Oktay, aliyewasili Desemba 2018, akatwaa ubingwa wa msimu huo, na miezi michache baadaye akawa ameshaenda zake. "Huyo hata nguo hakuzitoa kwenye sanduku," akasema. Kisha akafika kwa Steven Polack, na hapo akaketi kabisa, kitana mkononi, kama anayetaka kufurahia.

Kisa cha Polack mnakikumbuka. Ligi ilisimama Machi 2020 kwa sababu ya korona. Mwisho wa Aprili shirikisho likatangaza kwamba Gor ndio mabingwa kwa kuwa walikuwa wakiongoza jedwali. Kulikuwa na kelele nyingi kuhusu nani ana mamlaka ya kutangaza nini, lakini kombe likabaki pale pale.

"Alishinda akiwa nyumbani amevaa barakoa!" kinyozi akapiga kelele. "Hata mimi nilikuwa nyumbani na barakoa! Mbona sikupewa kitu?"

Basi nikamjibu, na hapa ninasimama mpaka leo. Dunia iliposimama, kila mtu alikutwa mahali. Polack alikutwa kileleni. Wewe kinyozi ulikutwa unadaiwa kodi ya nyumba na mwenye duka la simu. Kileleni mtu hafiki kwa kuangushwa na upepo. Mechi zaidi ya ishirini zilikuwa zimechezwa, na zilichezwa kwa miguu.

Mjadala ungeishia hapo kama si kijana mmoja wa boda. Alikuwa ameegesha mlangoni, abiria wake mama mtu mzima amekwisha kaa kwenye pikipiki na kuku wake chini ya kwapa. Tangi la pikipiki hiyo limebandikwa nembo ya Chelsea, na kijana akaona apitishe neno lake kwamba Kogalo kweli hubebwa na makocha wa kuokota. Mwalimu wetu mstaafu, ambaye hadi wakati huo alikuwa akisoma gazeti la wiki iliyopita, akainua macho.

"Na yule wenu wa Munich?"

Kijana akazima injini. Roberto Di Matteo ni jina ambalo shabiki wa Chelsea hulitetea huku akijua linaelekea wapi. Alikuwa msaidizi. Villas-Boas alifukuzwa Machi 2012, Di Matteo akaachiwa timu, na tarehe 19 Mei akawapiga Bayern kwa penalti kwenye uwanja wao wenyewe, akaleta Kombe la Klabu Bingwa ambalo matajiri na maprofesa waliomtangulia walishindwa kulileta. Novemba mwaka huohuo akafukuzwa yeye pia. Kijana akayaeleza yote hayo kwa uchungu, Drogba na kona ya dakika ya 88 na kila kitu, mpaka kuku akachoka.

"Mwanangu, twende," mama akasema.

"Mwaitu, dakika moja tu. Hawa wazee wanasema kocha wetu alikuwa dhaifu."

"Alishinda ama hakushinda?"

"Alishinda, mwaitu."

"Basi washa."

Wakaondoka. Ingekuwa mahali pengine, kikao kingefungwa kwa sala.

Lakini Mwalimu alikuwa ameamka. Huyu ndiye aliyefundisha vijana wetu mpira wa vikapu kwenye uwanja wa vumbi ambao mistari yake ilichorwa kwa majivu na kufutwa na mbuzi, na ana maarifa ya mpira wa vyuo vya Marekani ambayo hayajawahi kumsaidia mtu yeyote katika kaunti nzima ya Kitui. Akatuambia kwamba Wamarekani nao hugombana kwa swali hilihili, na kwamba bingwa wao anayesemwa sana ni Steve Fisher wa chuo kikuu cha Michigan.

Mwaka 1989, siku chache kabla ya mashindano ya taifa, kocha mkuu wa Michigan, Bill Frieder, akakubali kazi katika chuo cha Arizona State. Alitaka amalizie mashindano kwanza ndipo aende. Mkuu wa michezo wa chuo, Bo Schembechler, mzee wa hasira, akasema la hasha, timu ya Michigan itaongozwa na mtu wa Michigan, akampa Fisher, msaidizi. Fisher akaongoza mechi sita, akashinda sita. Fainali dhidi ya Seton Hall ilikwenda muda wa nyongeza, ikaisha 80 kwa 79, kwa mitupo miwili ya adhabu ya kijana anayeitwa Rumeal Robinson zikiwa zimebaki sekunde tatu. Fisher akawa bingwa wa taifa kabla hajajua kupoteza mechi kunafananaje.

"Huyo!" kinyozi akaruka. "Mechi sita! Huyo ndiye mnyonge wa dunia!"

"Subiri basi," Mwalimu akasema, na alisema kwa ile sauti ya kumngoja mwanafunzi ajibu vibaya. "Miaka miwili baadaye Fisher huyohuyo alisajili vijana watano wa mwaka wa kwanza, wakaingia fainali ya 1992, wakaingia tena ya 1993."

"Wakashinda?"

"Walipoteza zote mbili."

Ukumbi ukachanganyikiwa. Alipokuwa si kocha alishinda, na alipokuwa kocha kamili akapoteza. Muuza mbolea akapendekeza kwamba labda dawa ni kutokuwa kocha kabisa. Mwalimu akataja na Kevin Ollie wa chuo kikuu cha Connecticut, aliyerithi timu kwa Jim Calhoun, akashinda mwaka 2014, na kufikia 2018 akawa amefukuzwa, lakini hakuna aliyekuwa akisikiliza tena.

Sasa niseme langu, maana nusu ya kichwa changu iligharamia mjadala huu. Watu hulitumia jina la dereva wa skwodi kama tusi kwa sababu hawajawahi kuwa mmoja. Mwenye gari anaizoea gari yake. Wewe wa skwodi unakabidhiwa matatu ikiwa njiani, klachi inateleza kwa namna ambayo mwenyewe tu ndiye anayeijua, makanga ni shemeji wa mwenye gari kwa hiyo humwambii kitu, abiria wamelipa tayari na wanakutazama kwenye kioo. Ukiifikisha salama wanasema gari ni nzuri. Ukiitumbukiza mtaroni, wanakujua kwa majina matatu.

Na si kila mara inafika. Mwaka 2016 Gor walibadilisha kocha vilevile, Nuttall akaondoka, Ze Maria akaingia, na ligi ikachukuliwa na Tusker ya Mganda Paul Nkata. Nilipomtajia kinyozi mfano huo, aliwasha mashine.

Mtazameni Emerse Faé. Januari 2024 Ivory Coast wako nyumbani kwao kwenye Kombe la Afrika, wanapigwa 4 kwa 0 na Guinea ya Ikweta, kocha Gasset anaondoshwa. Wakubwa wa shirikisho wakaomba Ufaransa iwaazime Hervé Renard, aliyekuwa na timu ya wanawake ya huko. Wakanyimwa. Ndipo wakakumbuka kwamba kuna msaidizi ameketi palepale. Faé akawatoa Senegal kwa penalti, akawatoa Mali akiwa na wachezaji kumi, akaifunga Kongo, na tarehe 11 Februari akaifunga Nigeria 2 kwa 1. Mtu ambaye bosi wake alipita mbele yake kwenda kuazima mwingine! Mimi ningesusia hata kupanga koni za mazoezi.

Ila kilichonikera zaidi siku ile hakikuwa matusi kwa Williamson wala kwa Polack. Wale wamelipwa, wamekwenda. Kilichonikera ni kwamba saa nzima ya kelele haikutajwa nafsi moja ya Mkenya. Kuanzia 2008 hadi 2012 ligi yetu ilibebwa na makocha wa hapahapa. Francis Kimanzi na Mathare United. Sammy Omollo na Tusker. Robert Matano aliichukua Sofapaka mwaka 2009 ikiwa ndio kwanza imepanda Ligi Kuu, akaifanya bingwa msimu uleule. Akashinda tena na Tusker 2012, halafu Tusker hao hao 2021 na 2022. Mara nne, klabu mbili. Nikauliza, huyu yuko wapi kwenye orodha yenu, juu ama chini?

"Ah, Matano ni wetu," kinyozi akasema, akanipulizia nywele shingoni.

Ndiyo hivyo. Mzungu akishinda tunafanya kikao kuchunguza kama alistahili. Wa kwetu akishinda tunauliza mechi ijayo ni lini. Hata matusi amenyimwa.

Na msidhani haya ni ya mbali. Tulikuwa na mashindano ya vijiji hapa uwanja wa shule, mlima wa Nuu ukiwa nyuma ya goli moja na kichaka cha miiba nyuma ya jingine, zawadi ni mbuzi dume na jezi. Timu ya soko ilifundishwa na mwenye buchari. Mbinu yake ni neno moja, "Mbele!", na wakati wa mapumziko hulifafanua zaidi: "Mbele, nimesema!" Fainali ikafika penalti. Kocha hakuziona. Alikuwa amegeukia mlima, simu sikioni, akibishana na mtu wa Ngomeni kuhusu bei ya ng'ombe. Aliposikia watu wanalia na kukumbatiana aliuliza nani amekufa.

Bila shaka mmemtambua bingwa mnyonge wa Nuu. Lakini sasa amejitokeza mdai. Kinyozi wangu, aliyekuwa msaidizi wa timu hiyo kwa sababu ndiye mwenye pampu ya kujazia mpira, anasema yeye ndiye aliyewapanga wapigaji penalti kocha akiwa kwenye simu. Kwa hiyo ubingwa ni wake. Timu, anasema, ni ya anayemaliza, aliyeanza alikuwa akiipasha moto tu. Niliposikia hayo nilimtafuta Mwalimu kwa macho, naye alikuwa ameficha uso ndani ya gazeti, mabega yanatikisika.

Akaenda buchari kudai mapaja mawili ya yule mbuzi. Mwenye buchari alimsikiliza hadi mwisho, maana ni mtu wa adabu. Kisha akamwambia kamati ya ufundi imekaa, yaani yeye, na imeona kwamba mbuzi achinjwe na mtu mwenye leseni, yaani yeye, kwa ada ya kawaida ya kuchinja. Akampimia nusu kilo ya mbavu, akaiongezea kipande cha maini kwa ajili ya zile penalti, akaifunga kwenye gazeti, na akamtoza bei ya soko.