Mzee Baba na Ndia Kuu

Mzee baba mmoja wa Kibokoni, Mombasa, kanunua pikipiki kubwa, tangi kama nundu ya ngamia, ekzosi mbili. Hongera. Vichochoro vya Mji wa Kale vilipimwa kwa punda. Huko gia ya tatu ni ndoto. Juzi Ndia Kuu alikutana na hamali na mkokoteni wake wa maji. Nani arudi nyuma? Pikipiki ya kilo 200 hairudi nyuma kwa heshima. Siku hizi huitoa Ijumaa tu, aifute vumbi. Marikiti huenda kwa tuktuk.

Mwenye Boxer ya cc 100 alishapita kitambo, na petroli ya mia mbili bado haijamwishia.

Honda waliijua faida ya pikipiki ndogo tangu 1958 walipotoa Super Cub: haina klachi ya mkono, ili mpeleka tambi wa Kijapani aiendeshe kwa mkono mmoja. Kwetu mkono huo wa pili ungefaa zaidi kwa salamu. Toka Fort Jesus hadi Marikiti, ruka baraza moja tu bila kupunga, na kabla ya magharibi mamako keshaulizwa: mwanawe amepata utajiri, au uziwi?