Kuku Waliolala na Njaa Kwenye Nyasi

Mvua za Desemba zilipoishika Singida, mume wangu alitangaza kwamba mwaka huo hatutanunua chakula cha kuku. Nyuma ya nyumba nyasi zilikuwa zimefika magotini, mchicha pori umejiotea, na kila ukikanyaga panzi wanaruka huku na huku. Akapigilia mbao, akafunga waya, akatengeneza kizimba kisicho na sakafu, chenye magurudumu mawili ya toroli upande mmoja. Kila asubuhi kingesogezwa hatua chache, kuku wale penye nyasi mpya, nyuma yao ardhi ibaki na mbolea. Wote wakaingia humo, isipokuwa makoo wenye vifaranga.

Na masika yale kuku walipendeza, lazima niseme. Manyoya yalimeta. Kiini cha yai kilikolea unjano, maana rangi ile kuku anaitoa kwenye majani mabichi. Kuhara damu, kulikotuulia kuku mwaka uliotangulia, hakukuonekana kizimbani, kwa kuwa kuku hawakukaa juu ya kinyesi chao siku mbili. Kwa hilo mume wangu alikuwa sahihi, na nilimwambia hivyo mbele ya watoto.

Mama mkwe alikuja kutoka Iramba mwezi wa pili kunisaidia kulea kitinda mimba. Ana desturi moja ambayo sikuwahi kuiona kwetu. Kuku wakishatulia jioni, hupenyeza mkono, humshika mmoja mmoja taratibu, na kumpapasa chini ya shingo, upande wa kulia wa kifua. Hapo ndipo ulipo mfuko ambao kuku hutunzia chakula kabla hakijashuka kwenye firigisi. Aliyeshiba, mfuko umetuna na unajaza kiganja. Mwenye njaa, vidole vinakutana na ngozi tupu. Alinishika mkono akanifundisha, kuku kwa kuku, mpaka nikaweza kutofautisha gizani.

Mwanzoni mwa Mei alitoka kizimbani akamwita mwanawe. “Mwanangu, kuku wako wamelala na njaa.”

“Mama, wameshinda kwenye nyasi.”

“Nyasi anakula ng'ombe. Kuku anatafuta kilichomo ndani ya nyasi.”

Na ndivyo ilivyo. Tumbo la kuku haliwezi kuyeyusha nyuzinyuzi za nyasi zilizokomaa. Majani machanga humpa vitamini na maji, basi. Protini anaipata kwa panzi, mchwa na minyoo, na nguvu anaipata kwenye mbegu. Kuku mtagaji huhitaji takriban gramu 120 za chakula kwa siku, na wakati wa mvua malisho mazuri yanaweza kumpa sehemu kubwa ya hizo. Lakini Singida mvua ni msimu mmoja tu. Ikishakata, panzi wanaisha, mbegu zinaokotwa zote, udongo unakuwa mgumu kuchakurwa. Kizimba kilikuwa bado kinahama kila asubuhi, ila sasa kilihama kutoka vumbi hili kwenda vumbi lile.

Mayai yakapungua. Yaliyopatikana yalikuwa na maganda laini, mengine yakipasuka mkononi mwa mtoto anayeyaokota. Mitetea wakaanza kudonoana manyoya ya mgongoni. Mume wangu alishikilia kwamba ni msimu tu.

Jumamosi moja, akisogeza kizimba, gurudumu likapanda kichuguu. Upande mzima ukanyanyuka na kuku wote wakapita chini yake. Hawakutawanyika. Walikwenda moja kwa moja kwa jirani, ambaye alikuwa ameanika mahindi yaliyopukuchuliwa kwenye turubai, na wakaanza kula kwa namna ambayo sijawahi kuona kuku wanakula. Jirani alishika fagio, mimi kanga, kifungua mimba wetu akawa anabeba kuku wawili kila kwapa na kuwarudisha, nao wanarudi tena. Kuku aliyeshiba ukimwambia “shii” anakimbia. Hawa walifagiwa kwa fagio juu ya turubai, midomo ikiwa bado chini. Ilibidi mama mkwe amwage pumba uani kwetu na kugonga sufuria ndipo wakaanza kuondoka.

Jirani alisimama pale, ameshika kiuno. “Shemeji,” alimwambia mume wangu, “hawa kuku huwa wanalishwa?”

Hakupaza sauti. Mume wangu alilipa debe zima la mahindi siku ileile, na jioni hakumaliza chakula chake.

Kesho yake mama mkwe alivaa kitenge chake kizuri akaenda kuomba radhi kwa niaba ya nyumba yetu. Wakanywa chai. Katika mazungumzo akauliza kama kuku wa pale wamechanjwa mdondo, kwa kuwa wetu walikwisha kuchanganyika nao. Walikuwa hawajachanjwa. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, hushambulia sana wakati wa kiangazi: kuku huharisha kijani, mabawa hushuka, shingo hupinda, na wiki moja inaweza kufagia banda zima. Dawa ya kuutibu hakuna. Ipo chanjo ya matone ya I-2 inayotengenezwa Kibaha, inayovumilia joto kuliko chanjo nyingi. Ni tone moja kwenye jicho moja, kuku mkubwa kwa kifaranga, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Chupa moja inatosha kuku wengi kuliko wa nyumba moja, na ikishafunguliwa haikai muda mrefu. Tangu siku hiyo tunaichangia na jirani, tunachanja kwake kisha kwetu, asubuhi moja.

Kuhusu chakula, mume wangu alikubali kwa shingo upande, akatoa stoo gunia la mahindi ya mwaka wa nyuma. Mama mkwe alichota konzi moja, akapeleka mlangoni kwenye mwanga, akaona ukungu wa kijani kwenye viini. Akairudisha mikononi mwa mwanawe. “Haya nenda kachome.” Sumukuvu inayotokana na ukungu huo huharibu ini la kuku na huweza kupita hadi kwenye mayai wanayokula watoto. Lilikuwa gunia zima, na tulilichoma.

Chakula tunachowapa sasa ni sehemu tano za pumba na mahindi yaliyoparazwa, mbili za mashudu ya alizeti, nusu ya dagaa wasio na chumvi waliosagwa, pamoja na maganda ya mayai yaliyokaushwa na kutwangwa kwa ajili ya chokaa. Tunawapa jioni. Asubuhi wanatoka na hamu ya kutafuta, jioni wanarudi wenyewe bila kuswagwa. Kwa vifaranga, mama mkwe hujaza chungu kikuukuu samadi na mabua yaliyoloweshwa, na kukifudikiza juu ya tundu la mchwa usiku kucha. Asubuhi vifaranga wanapata mchwa hai wa kutosha. Kwanza maganda ya mayai yalikuwa magumu tena, idadi ikafuata.

Kizimba bado tunacho, na mume wangu amekiongezea magurudumu yakawa manne. Kinafanya kazi tangu Desemba hadi Aprili. Ninyi mnaofuga mikoa yetu ya kati, mashudu hushuka bei alizeti inapovunwa: nunueni wakati huo, yawekeni pakavu, juu ya mbao, mbali na ukuta. Na usiku wa leo, kabla hujafunga banda, wapapase.