Aliyemkimbia Bosi Akahamia Paje

Jamaa alikuwa mhasibu Dar es Salaam: ofisi yenye kiyoyozi, bima ya afya ya familia nzima, na gari la mkopo lililotumia nusu ya umri wake kwenye foleni ya Mbezi. Siku moja akaandika barua ya kuacha kazi, akapanda boti ya asubuhi, na baada ya saa mbili hivi akashuka Unguja na kompyuta mgongoni. Leo anaishi Paje, pwani ya kusini mashariki, akiwatunzia hesabu wateja wawili wa New York na mmoja wa Nairobi. Kipato chake hakifiki hata nusu ya ule mshahara. Ukimuuliza kwa nini, anakuonyesha bahari kwa kidevu.

Shida ni kwamba bahari yenyewe haikai. Maji ya Paje yakitoka yanatoka kweli, hadi mtu aliyelipia chumba cha kutazama mawimbi anabaki akitazama mchanga, vigingi na kinamama wameinama. Hao ni wakulima wa mwani, kilimo kilichoanzia hapo Paje na jirani zao wa Jambiani mwaka 1989. Mmojawapo ni Bi Mkubwa, mwenye nyumba wa jamaa.

Jamaa alipofika alimweleza kwa fahari kwamba yeye sasa hafungwi na saa za ofisi. Bi Mkubwa alimsikiliza, akamwambia, "Vyema, mwanangu. Basi kodi niletee maji mafu. Bamvua sina nafasi."

Na kweli hana. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Siku hizo maji hupwa mbali vya kutosha wakulima kuyafikia mashamba, na kila siku huchelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Mama huyu alikuwa akipanga ratiba yake kwa mwezi wa angani kabla dunia haijaanza kuwaonea wivu vijana wenye kompyuta.

Siku hizi nchi zinawagombania vijana hao. Barbados na Estonia zilianza kutoa viza za wafanyao kazi kwa mtandao mwaka 2020, Kenya nayo ikatangaza kibali chake 2024. Jamaa ni Mtanzania, viza ya nini? Hata hivyo, kabla hajampata Bi Mkubwa, kila dalali alimtajia kodi kwa dola.

Bosi wa Dar alikuwa na sura. Mabosi wa sasa hawana. Wa kwanza ni saa ya New York, ambayo iko nyuma ya yetu kwa saa saba wakati wa kiangazi chao, kisha mwanzoni mwa Novemba Wamarekani wanairudisha nyuma na tofauti inakuwa saa nane. Hakuna aliyemwambia. Novemba yake ya kwanza alikaa mbele ya kompyuta saa mbili usiku, shati limepigwa pasi, chini kikoi, akingoja kikao. Kimya. Akaamini ameachwa. Akamwandikia mteja waraka mrefu wa kushukuru kwa muda waliofanya kazi pamoja, akautuma, akaenda kula. Saa tatu kamili mteja akaingia kikaoni na kikombe cha kahawa, mchangamfu, akitaka kujua nani amefariki.

Bosi wa pili ni umeme. Unguja huupata kutoka bara kwa waya wa chini ya bahari, na wenyeji hawajasahau hitilafu ya Desemba 2009 iliyowaacha gizani hadi Machi 2010. Kwa hiyo ukikatika nusu saa, Bi Mkubwa anaendelea kukuna nazi huku mpangaji wake akizunguka ua na kompyuta mkononi kama mtu anayetafuta kibla. Tarehe 12 Mei 2024 ilikuwa zamu ya intaneti: nyaya za baharini zilikatika, mtandao ukadorora nchi nzima. Hebu jaribu kumweleza mtu wa Manhattan kwamba hesabu zake zimekwama chini ya Bahari ya Hindi.

Huko kwao Morogoro, ukoo umegawanyika. Wapo wanaosema amefukuzwa kazi, kwa hiyo shangazi akiwa na kliniki Muhimbili, jamaa ndiye avuke bahari kumsindikiza, si yupo tu? Wengine wamesikia analipwa dola. Hao ndio wanaoshika kamati za harusi za ukoo, na ahadi yake ya mchango wamemwandikia wao wenyewe.

Hivi karibuni ofisi moja ya Dar ilimpigia ikimtaka arudi, kwa mshahara mkubwa kuliko ule wa zamani. Kabla hajajibu, simu ikaisha chaji, na umeme haukuwepo hadi kesho yake jioni. Alipoiwasha akakuta ujumbe: ofisi, ikidhani anapandisha dau, ilikuwa imeongeza posho ya nyumba, kisha dereva. Aliwajibu kwa adabu zote kwamba ameshukuru sana, ila wiki hiyo ni bamvua, na ameshamwahidi Bi Mkubwa kumsaidia kubeba magunia.